Tupu si sifuri: Ripoti niliyoitoa kwa sekunde tatu ikakaribia kumhamisha mtoto shule

Mama aliingia saiba saa kumi jioni, mvua ya Nakuru ile ya ghafla ikiwa imeanza kugonga mabati. Alitaka kopi mbili tu. Nikachukua karatasi zake, nikaziweka kwenye mashine, na nikazitambua kabla hata sijazisoma. Mpangilio wangu, fonti yangu, jedwali langu lenye rangi ya samawati. Hiyo ripoti nilikuwa nimeitoa mimi.

“Kijana,” akaniuliza, “hapa wameandika mtoto yuko chini sana. Ni chini namna gani?”

Nikasoma. Mvulana wa miaka minane. Kumbukumbu ya kusikia: chini sana. Na pale chini, kwa herufi nzito: inapendekezwa mtoto afikiriwe kwa shule maalum. Mama alitaka kopi moja apeleke shuleni kesho yake asubuhi, nyingine abaki nayo.

Sikujua la kumjibu. Ile sentensi haikuandikwa na mwalimu wala daktari. Iliandikwa na skripti yangu, kwa sekunde tatu, na mimi ndiye niliyeipatia ruhusa.

Acha nianze mwanzo.

Niliacha chuo mwaka wa pili wa diploma ya IT, karo ilipogoma. Tangu hapo nimekuwa nikishinda saiba, hapa Nakuru mjini: KRA, eCitizen, HELB, CV za watu, kadi za harusi na za mazishi. Kazi si mbaya, lakini ukikaa kwa hiyo kiti miaka miwili unaanza kutafuta chochote cha kuchangamsha kichwa. Mimi nilijifunza Python kwenye YouTube usiku, bando za usiku zikiwa rahisi.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, mteja wa kila Ijumaa. Amesomea elimu maalum, na husaidia ofisi moja ndogo kupima watoto ambao shule au wazazi wana wasiwasi nao: haongei vizuri, hasomi, anasahau, hatulii. Alikuwa anakuja na bahasha ya fomu zilizojazwa kwa kalamu, anakaa kwenye kompyuta ya kona, anachapa ripoti moja baada ya nyingine. Ripoti moja dakika arobaini. Siku nyingine anaondoka giza limeingia, matatu za kwenda kwao zimepungua.

Siku moja nikamwambia, “Mwalimu, hii kazi kompyuta inaweza kukufanyia.”

Akacheka. “Kijana wangu, ikiweza nitakununulia chai mwezi mzima.”

Nilikunywa hiyo chai. Hadithi inaanzia hapo.

Ripoti hutengenezwa vipi

Kama hujawahi kuona mtoto akipimwa, usifikirie mtihani wa darasani. Mtoto anakaa mezani na mtu mmoja. Anaulizwa arudie namba alizosikia, kwanza kwa mbele kisha kwa nyuma. Anaonyeshwa mchoro wenye kipande kilichokosekana na achague kinachofaa. Anapanga vibao. Anataja picha. Anarudia sentensi. Kuna vipimo vya zamani sana katika familia hii: ile michoro ya John Raven, kwa mfano, ilichapishwa Uingereza mwaka wa 1938 na bado inatumika duniani kote.

Idadi ya majibu sahihi ndiyo alama ghafi. Peke yake haisemi kitu. Ukiniambia mtoto amepata 14, swali langu ni: ana miaka mingapi? Kumi na nne ya mtoto wa miaka mitano na kumi na nne ya mtoto wa miaka kumi ni vitu viwili tofauti. Kwa hivyo mpimaji anafungua jedwali la umri, analinganisha, na kupata alama ya mizani. Kwenye vipimo vingi vya aina hii kila sehemu ina katikati ya 10, halafu jumla inageuzwa iwe na katikati ya 100. Katika hiyo jumla, watoto 68 hivi kati ya 100 wataangukia kati ya 85 na 115. Chini ya 70 ni kama wawili tu kati ya 100.

Baada ya hapo ndipo sentensi zinaandikwa. Mtoto ana nguvu wapi, anahitaji usaidizi wapi, afanyiwe nini.

Sasa angalia hizo hatua tatu kwa jicho la mtu wa kompyuta. Kujumlisha: rahisi. Kuangalia jedwali: rahisi zaidi. Sentensi? Nikachukua ripoti zake za zamani, nikagundua anarudia sentensi zilezile. Alama ikiwa kati ya 8 na 12, anaandika “inalingana na umri wake”. Ikiwa chini ya 4, anaandika “chini sana”. Ikiwa sehemu mbili ziko chini ya 4, mara nyingi anaongeza ile sentensi ya shule maalum.

Nikazigeuza zote kuwa kanuni. Mwalimu anaingiza namba kwenye Excel, skripti inasoma safu kwa safu, inamimina majina na alama kwenye templeti ya Word, na ripoti inatoka ikiwa imepangwa vizuri kuliko ya hospitali yoyote niliyowahi kuona. Ijumaa ya kwanza tulitoa ripoti 23. Mwalimu alizitia sahihi zote kabla ya saa kumi na moja, akaenda nyumbani kukiwa na jua. Nilijiona mimi ndiye Silicon Savannah.

Pengo nililoliziba

Kuna kitu sikumwambia siku hiyo, kwa sababu sikujua ni kitu. Skripti yangu ilikuwa inakwama. Ikikuta kisanduku hakina namba, inatoa kosa na kusimama. Nilikuwa na haraka. Nikaongeza mstari mmoja: kila palipo wazi, weka 0. Makosa yakaisha. Nikafurahi.

Yule mvulana wa miaka minane alikuwa na sehemu sita. Nne zilijazwa: 9, 8, 10 na 9. Wastani ni 9, karibu kabisa na watoto wengine wa umri wake. Sehemu mbili za kusikia, yaani kurudia namba na kurudia sentensi, zilikuwa wazi. Skripti yangu ikaweka 0 na 0. Wastani ukashuka hadi 6. Sehemu mbili zikawa chini ya 4. Kanuni ikaamka, ikaandika: shule maalum.

Nilimpigia mwalimu simu mama akiwa amekaa pale kwenye benchi. Akaniambia nimsomee jina, kisha akanyamaza. Halafu akasema, “Angalia fomu yenyewe. Si niliandika pembeni?”

Nilikuwa na picha za fomu. Pembeni kabisa, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na maneno manne: *masikio yanatoa usaha, arudi*. Mtoto alikuwa mgonjwa wa masikio. Hakuweza kusikia namba vizuri, mwalimu akaziruka hizo sehemu mbili makusudi, ili zirudiwe akishatibiwa.

Kwenye Excel yangu hakukuwa na safu ya maneno ya pembeni. Kwa hivyo kitu cha maana kuliko vyote kwenye ile fomu hakikuwa na mahali pa kuingia.

Watu wa utafiti wana ugonjwa mwingine kama huo. Ili wasiache pengo, wanaandika 99 kumaanisha “hakupimwa”. Ukisahau kuiambia kompyuta kwamba 99 si alama, inakupatia mtoto mwenye akili za kupaa angani. Ukiweka 0, unapata mtoto aliyezama. Kumbe mtoto ni yuleyule, alikuwa amelala nyumbani anaumwa.

Na kuna tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa Kimarekani, mwezi kwanza. Mtoto aliyezaliwa tarehe 03/11 unaweza kumkuta amezaliwa Machi badala ya Novemba. Miezi minane imeongezeka kwenye umri wake, amesukumwa kwenye jedwali la watoto wakubwa, alama zake zimeshuka bila yeye kukosea swali hata moja. Nilipokagua zile ripoti 23, nilipata wawili wa namna hiyo.

Ni dakika arobaini za nini?

Mwalimu alikuja siku iliyofuata, asubuhi na mapema. Nilitarajia kukemewa. Hakunikemea, na hiyo ilinikata zaidi.

“Mimi pia nimekosa,” alisema. “Zamani nikichapa mwenyewe, nilikuwa namkumbuka mtoto. Namuona vile alikaa, vile alikataa kuniangalia, vile alicheka. Hii yako ilikuja imependeza. Nikaweka sahihi.”

Hilo ndilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Nilidhani zile dakika arobaini zilikuwa za kuchapa. Nusu yake, ndiyo. Nusu nyingine ilikuwa mtu mmoja anamfikiria mtoto mmoja. Mimi nilipofuta uchapaji nilifuta na hiyo nusu ya pili, na hakuna aliyeona ikiondoka kwa sababu hakuna aliyewahi kuiandika kama kazi.

Na karatasi hizi zina uzito Kenya. Vituo vya EARC, vilivyoanza mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, ndivyo vinavyopima watoto wanaohitaji usaidizi maalum na kuwaelekeza shule. Shule nyingi zikiona karatasi yenye namba na sahihi, hazibishani. Mzazi naye habishani. Mama wa kule Kaptembwa au Molo anayeambiwa mtoto ana 68 atauliza nini? Kwake hiyo namba ni kama ya thamometa.

Lakini si thamometa. Namba ya akili ni ulinganisho, na inategemea unamlinganisha mtoto na nani. Huko Embu, watafiti walipima watoto wa shule mwaka wa 1984, kisha wakapima watoto wengine wa eneo hilohilo mwaka wa 1998. Miaka 14 tu, na alama zilikuwa zimepanda sana. Watoto wa Embu hawakubadilishwa vichwa. Waliozaliwa baadaye walikuwa na wazazi waliosoma zaidi, familia ndogo, chakula bora na afya bora. Sasa fikiria ukiwa na jedwali la mwaka wa 1984 kwenye skripti yako leo. Linafanya kazi vizuri, halitoi kosa lolote, na kila ripoti inapotosha kwa adabu.

Usenge, kando ya Ziwa Victoria, Robert Sternberg na wenzake walifanya kitu kingine, wakachapisha matokeo mwaka wa 2001. Waliwapima watoto kwa vipimo vya kawaida, halafu wakawauliza kuhusu dawa za mitishamba: ipi ni ya nini, inatumiwa vipi. Watoto waliojua dawa vizuri walielekea kupata alama za *chini* kwenye vipimo vya msamiati wa shule. Je, hao ni wajinga? Wanajua dawa ambayo mimi na wewe tungeiona ni majani ya mbuzi.

Ndiyo maana kazi ya watu kama Profesa Amina Abubakar na wenzake kule Kilifi ni muhimu. Badala ya kuchukua kipimo cha nje na kukitafsiri kijuujuu, walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo, Kilifi Developmental Inventory, na mwaka wa 2008 wakachapisha jinsi kilivyofanya kazi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35 wa Pwani. Kwanza unajua watoto wako wanafananaje, ndipo unasema huyu ametofautiana.

Sisi wa Nakuru tunafaa kuwa wa kwanza kuwa waangalifu. Huu ulikuwa mji wa walowezi. Na miaka hiyo ya 1930, wakati mashamba ya huku yalikuwa mikononi mwao, madaktari wawili jijini Nairobi, H. L. Gordon na F. W. Vint, walikuwa wanapima vichwa na ubongo wa Waafrika na kudai kwamba namba zinaonyesha hatujakamilika. Namba zilikuwa na desimali. Zilichapishwa kwenye majarida. Zilikuwa upuuzi, lakini zilimfaa sana yule ambaye hakutaka kujenga shule.

Kompyuta namba nne

Kuna aibu nyingine, na hii ni ya sisi watu wa saiba. Baada ya ile ajali nilianza kusafisha kompyuta. Kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta namba nne nilipata ripoti 11 za watoto: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, alama. Hiyo ni kompyuta ambayo yeyote mwenye shilingi moja ya dakika anaikalia. Kijana wa kidato cha pili angeweza kumpata mwanafunzi mwenzake humo na kumpa jina la utani la maisha.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka wa 2019. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na faida ya mtoto itangulie. Habari za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Halafu kuna kifungu cha 35, ambacho nilikisoma mara tatu nikitoka jasho: isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mtu ana haki ya kutofanyiwa na mashine peke yake uamuzi unaomgusa kwa kiasi kikubwa. Kumpeleka mtoto shule nyingine kunamgusa kwa kiasi kikubwa.

Na kama unawaza “si siku hizi unamwagia ChatGPT tu inakuandikia?”, kaa chini kwanza. Ukimwaga fomu ya mtoto humo, jina lake limeshatoka Nakuru. Na ile sentensi itakayorudi itakuwa tamu zaidi ya zangu, kwa hivyo itakuwa rahisi zaidi kuwekewa sahihi bila kusomwa.

Vile tunafanya sasa

Sikuitupa skripti. Mwalimu hakutaka niitupe, na mimi siamini kwamba kuchapa kwa mkono ni utakatifu. Binadamu akichoka naye anakosea jedwali. Lakini nimeibadilisha.

Pengo linabaki pengo. Sehemu ikikosekana, ripoti inaandika “haikupimwa” na haitoi jumla. Mwalimu anaulizwa kwa nini haikupimwa, na hawezi kuendelea bila kujibu.

Maneno ya pembeni yana safu yake, na yanatoka juu kabisa ya ripoti, kabla ya namba yoyote.

Tarehe ya kuzaliwa inaandikwa kwa jina la mwezi, na umri unaonyeshwa mwalimu athibitishe kwa macho.

Jumla haitoki kama namba moja. Inatoka kama masafa, kutoka hapa hadi pale, kwa sababu mtoto huyohuyo akipimwa wiki ijayo hatapata alama ileile.

Majina hayaingii kwenye faili. Kuna namba ya siri tu, na daftari la majina liko kwa kabati la mwalimu. Kazi inafanyiwa kwenye laptopu moja yenye nenosiri. Zile ripoti 11 nilizifuta yeye akiwa ananiangalia.

Na aya ya mwisho, ile ya mapendekezo, skripti haiigusi. Inaacha nafasi nyeupe. Mwalimu anaandika mwenyewe, na akikosa cha kuandika ajue bado hajamaliza kumfikiria mtoto.

Ripoti sasa inachukua kama dakika kumi na tano. Si arobaini, si sekunde tatu. Chai imepungua, lakini bado inakuja.

Kama wewe ni mzazi, au una mdogo wako aliyepimwa, uliza maswali manne kabla ya kukubali karatasi. Kuna sehemu ambayo hakupimwa, na kwa nini? Alipimwa kwa lugha gani, ile anayoongea nyumbani au ile ya vitabu? Masikio na macho yake yalikaguliwa kwanza? Na nani ameandika mapendekezo haya, ili nimuulize? Usione haya. Mtu aliyempima mtoto wako vizuri atafurahi kuulizwa.

Yule mama sikumpa kopi siku hiyo. Nilimwambia ukweli: kuna kosa, na kosa ni langu, asiipeleke shuleni. Aliniangalia muda mrefu. Hakukasirika kwa sauti. Aliuliza tu, “Na wale wengine, wazazi wao wameambiwa?”

Wengine wawili wa tarehe tulikuwa hata hatujawagundua. Hilo swali lake ndilo lililonifanya nizikague zote 23 usiku huo.

Mtoto alitibiwa masikio, akarudi wiki kadhaa baadaye, akarudia zile sehemu mbili. Akapata 8 na 9. Bado yuko shule ileile. Kusoma kunamsumbua kidogo, na mwalimu aliandika hilo pia, kwa sentensi zake mwenyewe, bila kuficha. Mama alipokuja kuchukua kopi zake, nilizitoa bure. Akalipa hata hivyo.